Mdoli wa zamani wa Wenyeji wa Marekani: jinsi ya kuukagua kabla hujatoa hela

Ukikutana na mdoli wa "Kihindi" mezani kwenye gulio la wikiendi, usianze na uso. Wengi wanaanzia hapo, uso unawachekea, hela inatoka mfukoni. Wewe ugeuze kichwa chini miguu juu, uangalie nyayo, afu inua nguo uangalie mshono wa ndani, uso utauangalia mwisho kabisa kama muda umebaki.

Mi niko huku Marekani, siku za kazi nabeba maboksi ghalani, wikiendi nazunguka magulio na minada ya vitu vya marehemu, ndo starehe yangu na saa zingine ndo kodi ya nyumba. Nimenunua midoli mingi, nimepigwa mara kadhaa, na watu wananiuliza sana inbox hasa wabongo na wakenya walioko Minnesota, Arizona na Texas kwamba hivi vitu vinakaguliwaje. Nitaandika yote hapa mara moja, ni ndefu, chukua chai.

Kwanza weka sawa kichwa

Hilo jina "Wahindi Wekundu" tulilofundishwa shuleni liache hukohuko shuleni. Mdoli hauwezi kuwa "wa Wahindi Wekundu" kama vile kinyago hakiwezi kuwa "cha Kiafrika" tu, ni cha Wamakonde au cha Wakamba. Huku kuna Hopi, Navajo, Seminole, Lakota, Haudenosaunee, Inuit na mataifa mengine mamia, kila moja na mkono wake. Mtu akikuuzia akashindwa kusema ni wa taifa gani, jua hajui anachouza, na hiyo inaweza kuwa hasara yako au bahati yako.

Sasa kuna mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mdoli uliotengenezwa nyumbani kwa ajili ya mtoto wa palepale, au kwa ajili ya ibada na mafundisho. Fungu la pili ni mdoli uliotengenezwa na Mwenyeji mwenyewe lakini kwa ajili ya kumuuzia mgeni. Fungu la tatu ni mdoli wa kiwandani wenye sura ya Mwenyeji ambao hakuna Mwenyeji aliyeugusa.

Kosa kubwa ninaloliona ni watu kudhani fungu la pili ni feki. Si feki. Chukulia kwetu, mwanahiti wa Wazaramo anayepewa mwali akiwa ndani ni kitu kimoja, na kinyago cha pale Mwenge alichochongewa mtalii ni kitu kingine, lakini mchongaji wa Mwenge ni mchongaji kweli na mti kaukata kweli, huwezi kusema kadanganya, kadanganya tu yule aliyepaka mti mweupe dawa ya viatu akauita mpingo. Huku ni hivohivo. Reli ilipofika kusini magharibi watalii wakaanza kushuka wakitaka kitu cha kubeba, kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na hoteli na migahawa kando ya reli, ikafungua jengo la kuuzia kazi za Wenyeji Albuquerque mwaka 1902, na 1905 ikafungua Hopi House pale Grand Canyon. Kule Florida ilipofunguliwa barabara ya Tamiami Trail mwaka 1928 magari yakaanza kupita katikati ya Everglades, yale mabwawa makubwa ya nyasi, na kina mama wa Kiseminole wakapanga midoli kando ya njia. Hao walikuwa wanatafuta riziki kama mama yeyote anayepanga nyanya barabarani. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe nani kashona, umri utafuata nyuma.

Vifaa

Havizidi vinne. Kioo cha kukuzia, kile kidogo cha sonara. Tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti dukani. Futikamba ya fundi nguo. Na simu yenye chaji, maana utapiga picha nyayo, mshono, mgongo na lebo kabla hujaanza kubishana bei. Glovu nitasema mbele kwa nini.

Nyayo zinasema nini

Nikitaja nyayo mapema hivi ni kwa sababu mdoli utakaokutana nao mara nyingi kuliko yote ni Skookum, na Skookum anajulikana kwa miguu. Huyu ndo fungu la tatu halisi. Alibuniwa na mama mmoja mzungu, Mary McAboy wa Missoula, Montana, akapata hataza mwaka 1914. Vichwa vya mwanzo vilikuwa maepo yaliyokaushwa, ndiyo, tunda, linanyauka linatoa makunyanzi kama bibi kizee. Biashara ilipokua ikaingia mikononi mwa makampuni makubwa, Arrow Novelty ya New York na H.H. Tammen ya Denver, vichwa vikawa vya unga wa mbao na gundi uliofinyangwa, mwisho vikawa vya plastiki, vikaendelea kutoka mpaka karibu na miaka ya 1960. Jina lenyewe limetoka kwenye lugha ya biashara ya pwani ya kaskazini magharibi iitwayo Chinook Jargon, maana yake kitu chenye nguvu, kitu safi.

Namna ya kumtambua: amefungwa blanketi la pamba, mikono haipo kabisa, lile blanketi limekunjwa tu likakuonyesha kama vile kakunja mikono. Macho yanatazama pembeni, wengi kulia kwake, anayetazama kushoto ni adimu na wakusanyaji wanamgombania. Ukibonyeza tumbo unasikia majani makavu au nyasi. Ukifika miguuni ndo kalenda yenyewe: ya zamani ni mbao iliyovalishwa kiatu cha ngozi laini, zikafuata za mbao zilizobandikwa karatasi yenye nakshi za kuchora, za mwishomwisho ni plastiki ya kahawia. Chini ya unyayo kulikuwa na karatasi ya lebo imeandikwa Skookum na maneno Bully Good, mara nyingi imedondoka imebaki alama ya gundi. Ukubwa unaanzia kidole gumba, wale wadogo waliobandikwa kwenye kadi wakatumwa posta, mpaka wale wa kusimama dirishani dukani wanaomfikia mtoto wa miaka mitatu.

Je usinunue? Nunua ukitaka, una historia yake na soko lake lipo. Ila usimlipie bei ya kazi ya mkono wa Mwenyeji, na wewe ukija kumuuza usimwite hivyo.

Uzi, shanga na ile tochi

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Mdoli wa ngozi wa watu wa nyanda za nyasi za katikati ya Marekani, Lakota, Cheyenne na wenzao, una mwili wa ngozi iliyolainishwa, nywele mara nyingi za farasi au za mtu, na shanga. Chukua kioo angalia shanga zimeshikwa na nini. Uzi wa kizamani ni kano, ile inayotoka mgongoni kwa mnyama, imechanwa nyembamba ikasokotwa kwa kidole. Kano haiko sawa, hapa nene hapa nyembamba, ikikauka inakuwa ngumu inang'aa kidogo kama kucha. Baadaye wakatumia pamba sana tu, kwa hiyo pamba haimaanishi mpya. Kinachonitia shaka ni ule uzi wa kisasa wa kuigiza kano, wenye nta, uko sawasawa mwanzo mwisho na ukichambuka unatoa nyuzi laini zinazofanana kama mapacha. Kuna watu watakwambia chomea uzi kiberiti unuse. Usichome kitu cha watu, na usichome kitu chako.

Mkono wa Kilakota unaonekana kwenye mistari: shanga kadhaa zinashonwa kwa mpigo mmoja zinakaa zimeinuka kama tuta dogo la shamba, tuta kwa tuta. Shanga zenyewe nyingi zilitoka Venice na Bohemia, kazi ya biashara ileile iliyoleta shanga kwetu pwani, bibi zetu walivaa ndugu zake. Ukiona nyekundu, chungulia tobo lake, kama ndani ni nyeupe na nje nyekundu hiyo ni aina ya zamani inayopendwa, lakini imetengenezwa kwa muda mrefu sana, peke yake haithibitishi kitu.

Sasa tochi. Zima taa, washa ile ya zambarau. Nyuzi nyingi za kisasa na vitambaa vilivyotiwa dawa ya kung'arisha vinawaka buluu nyeupe kama shati la disko, na dawa hizo zilienea baada ya Vita ya Pili. Mdoli unaoitwa wa 1890 ukiwaka kila mshono, muage mwenye nao kwa heshima. Lakini tulia, sabuni ya kufulia nayo ina dawa hiyohiyo, kwa hiyo nguo ikiwaka yote huenda kuna mama mwenye nyumba aliufua mwaka 1965, na mshono mmoja ukiwaka peke yake huenda ni kiraka cha baadaye. Tochi inakupa swali la kuuliza, haikupi hukumu.

Waseminole, na hapa nakiri nina upendeleo

Mdoli wa Kiseminole ndo ninaoupenda kuliko yote. Mwili ni nyuzi za kahawia za mmea wa palmetto, ndugu wa mkindu na mnazi, mtu aliyekulia Pwani akishika anajua hapohapo, ni kama kumbi. Zimekunjwa na kufungwa zikapata kichwa na kiwiliwili, macho na mdomo vimeshonwa kwa uzi. Wa kike kwa kawaida hana miguu, chini ni duara bapa mara nyingi lenye kipande cha boksi, anasimama kwa sketi yake, shingoni shanga tele na mabegani kitambaa cha kujifunika. Wa kiume ana miguu na shati refu. Nywele za kike zimetandazwa mbele kama ukingo wa kofia, na huo ni mtindo wa kweli wa kina mama wa enzi zile ambao walizitandaza juu ya kipande cha boksi.

Nguo ndo kila kitu. Cherehani ya mkono iliingia kwao mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka hapo wakazua ushonaji wa viraka, vitambaa vinakatwa vipande, vinaungwa, vinakatwa tena kwa upande vinaungwa upya mpaka vinatoa nakshi. Kwenye mdoli wa inchi nane fundi anarudia hayohayo kwa vipande vya upana wa ukucha. Kwa hiyo inua sketi, kama viraka ni vya kushonwa kweli utaona mishono nyuma, kama ni kitambaa kilichochapishwa nakshi nyuma ni patupu. Ule utepe wa mawimbi uliobandikwa badala ya viraka unaonekana zaidi kuanzia katikati ya karne ya 20, si dosari, ila mtu akisema ni wa 1920 muulize vizuri. Dikoni mmoja wa kanisa la Episkopali, Harriet Bedell, alifika Everglades mwaka 1933 akasukuma sana kazi hizi za mikono zipate soko, na midoli mingi iliyoko sokoni leo ni ya kuanzia enzi hizo kuja mbele.

Katsina, mahali nilipopigwa

Wahopi wa Arizona wanachonga kwa mzizi wa mti wa cottonwood kitu wanachokiita tihu, wengi ni tithu, dukani utasikia kachina. Kwa asili si mdoli wa kuchezea, ni mfano wa roho waitwao katsina, na wasichana wanapewa wakati wa ngoma za dini, nyumbani unatundikwa ukutani. Shika hilo la kutundikwa. Ya zamani haina kitako, ina kamba shingoni au alama ya kamba, umbo ni la kitulivu mikono imebana tumboni, rangi ni za udongo na zimepauka kama chokaa. Kitako cha mbao kimekuja kwa ajili ya mnunuzi mwenye shelfu.

Mi nilinunua kwa dola 180 mmoja wenye manyoya ya sungura, ngozi, shanga na kitako kizuri, muuzaji akaapa ni Hopi wa miaka ya 1930. Mwaka uliofuata nikaupeleka Arizona nikamwonyesha mzee mmoja wa Kihopi mchongaji, akaupima mkononi, akatabasamu tu, akanirudishia. Mbao haikuwa mzizi wa cottonwood na ngozi imegundishwa kuficha viungo. Kuna mafundi wa Kinavajo wanaochonga wa namna hiyo kwa ajili ya maduka ya barabarani, na wakiandika ni kazi ya Navajo hakuna ubaya wowote, tatizo yule muuzaji alibandua lebo. Alama ya gundi ilikuwepo chini ya kitako muda wote na mi sikugeuza! Niliuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia lilikuwa wazi.

Jambo lingine, vitu vyenyewe vya ibada, hasa barakoa, usiguse. Mwaka 2013 vilipigwa mnada Paris, Wahopi wakaenda mahakamani kuzuia wakashindwa, mpaka taasisi ya Annenberg ikanunua 24 mwezi Desemba ili virudishwe kwa wenyewe. Kuna mali ambayo mtu mmoja hana mamlaka ya kuiuza hata kama ilikuwa kabatini kwao.

Wengine kwa kifupi

Mdoli wa maganda ya mahindi wa Haudenosaunee kwa mila hauna uso, wanasimulia kwamba alijiona mzuri majini akaringa akanyang'anywa. Ukiona hana macho usidhani yamefutika, na mtu "akiutengeneza" kwa kuuchorea macho kauharibu. Midoli ya kitambaa ya Kinavajo, blauzi ya mahameli na sketi pana, mingi ni kazi ya kuuzia watalii ya katikati ya karne ya 20, kazi nzuri na haisumbui mfuko. Ya Inuit yenye ngozi ya sili ni mizuri mno, ila ukiinunua Canada usivuke nayo kuja Marekani, sheria ya mamalia wa baharini ya 1972 itakukuta mpakani.

Sheria, usiruke hapa

Ukiuza kitu kilichotengenezwa baada ya 1935 ukasema au hata ukadokeza kwamba ni kazi ya Mwenyeji wakati siyo, umevunja sheria ya Indian Arts and Crafts ya 1990. Mtu binafsi kosa la kwanza faini inaweza kufika dola 250,000 na jela mpaka miaka 5, kampuni mpaka dola milioni moja. Kwa hiyo andika unachokijua tu.

La pili ni manyoya ya ndege. Tai analindwa na sheria ya 1940, ndege wengine wengi wa porini na ile ya 1918. Mdoli wa babu yako wenye unyoya wa tai wa kabla ya sheria unaweza kukaa nao, kuuza ndo hapana, na kuuchomoa unyoya ili uuze mdoli ni kuuharibu. Ya kuku na bata mzinga wa kufugwa hayana shida. Na kama unataka kutuma nje ya nchi, toka mwisho wa 2022 kuna sheria ya kuzuia kusafirisha urithi wa makabila, mdoli wa mtalii haugusi lakini kitu cha ibada au cha kaburini kinagusa.

Bei

Sitakutajia bei maana zinapanda na kushuka. Nenda eBay ukachuje zilizouzwa tayari, usiangalie zinazoombwa, mtu anaweza kuomba hata milioni. Linganisha taifa kwa taifa, urefu kwa urefu, hali kwa hali. Angalia na kurasa za nyumba za minada. Ukiwa mezani muulize mwenye mali kwa upole, mama hii umeipata wapi, nyamaza umsikilize. Jibu la "alinunua mama mkwe wangu Everglades wakiwa fungate" pamoja na picha ya zamani lina thamani kuliko cheti cha kuprinti, omba hiyo picha au ipige na simu.

Ukishafika nao nyumbani

Usifue, usipake mafuta ngozi, usitie perfyumu. Kama una namba ndogo zimeandikwa kwa wino mguuni au mgongoni huenda ulitoka makumbusho, na zamani makumbusho walipulizia arseniki kuua wadudu, vaa glovu na usimpe mtoto achezee. Vumbi toa kwa brashi laini ya kujipodoa. Shanga zikiwa zinanata au zina ukungu mweupe ni glasi inayooza, inatokea kwa rangi fulanifulani, weka pakavu na usizirundike na nyingine.

Wadudu: ukiona vumbi kama unga au vitobo, funga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, toa hewa, weka friza wiki mbili, utoe na uuache ndani ya mfuko mpaka upate joto la chumba ndo ufungue, la sivyo unyevu utaushukia. Hii ni ya nguo na ngozi. Mbao zilizopakwa rangi na vichwa vya epo usivipeleke friza, rangi inapasuka, hizo mpelekee mtaalamu. Halafu viweke mbali na dirisha, jua la huku linakula nyekundu kwanza.

Mwisho daftari, si unajua mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mdoli ukurasa wake: tarehe, mahali, bei, muuzaji alisema nini kwa maneno yake, na wewe umeona nini, vitu viwili tofauti visichanganywe. Tangazo la kuuza linatoka humohumo. "Skookum, miguu ya plastiki, si kazi ya Mwenyeji, blanketi lina tundu kushoto." "Seminole wa kike, palmetto, inchi 8, viraka vya kushonwa, muuzaji wa kwanza alisema ulinunuliwa Tamiami Trail." Na lebo ya unyayoni ikidondoka usiitupe wala kuibandika upya kwa gundi ya maji, itie kwenye bahasha ndogo, andika namba ya ukurasa juu, uifunge kwa uzi wa pamba kiunoni kwa mdoli wenyewe.